Marehemu wa Benchi la Nyuma

Wariara alikuwa amemuua mtu kwa mdomo, na sasa alikuwa akimpangia maua.

Tusimwonee bure. Hakumtilia mtu sumu wala hakumsukuma mtoni. Alichofanya ni kumwambia Padre Kibii, mwezi wa tano, pale mlangoni pa sakristia, kwamba Mwalimu Kosgei alifariki mwaka juzi. Padre alikuwa mgeni parokiani, hakuwa na sababu ya kubisha. Akafanya ishara ya msalaba na kuuliza kama mzee alizikwa vizuri. "Vizuri sana, Padre," Wariara akajibu, "watu walikuwa wengi." Mtu akishaanza kudanganya hakosi la kuongeza.

Kigango chao kinaitwa Somili. Kiko juu ya Elburgon, mahali ambapo zamani palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Mashine zilishauzwa kama vyuma chakavu, jina likabaki. Kanisa ni la Mtakatifu Petro na Paulo, na lilianzishwa mwaka wa sabini na tano na makatekista wawili. Mmoja alikuwa Kamande, babake Wariara, mkulima wa viazi na njegere. Wa pili alikuwa Gedion Kosgei, mfanyakazi wa somili, ambaye siku sita alipasua mbao na siku ya saba alifundisha dini. Walianzia katika banda la kukaushia mbao, Kamande akisoma, Kosgei akiimbisha, waumini wamekalia magogo. Askofu alipokuja kuuliza kigango kinataka kuwekwa chini ya mtakatifu gani, watu walicheka wakasema mitume wanao tayari, tena wawili. Nani alikuwa Petro na nani alikuwa Paulo haikujulikana kamwe, maana wote wawili walikuwa na vichwa vigumu.

Basi kila tarehe ishirini na tisa mwezi wa sita Somili wana desturi yao. Kabla ya matoleo, majina ya waanzilishi, makatekista na waumini wa kwanza waliokalia magogo, husomwa. Aliye hai huitwa mbele, akavishwa blanketi jipya, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Aliyefariki huwashiwa mshumaa na mtu wa nyumba yake, kanisa zima likasimama kumwombea. Mwaka huu kigango kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, sikukuu imeangukia Jumapili, na Padre alitaka kila jina lisomwe bila kukosea. Orodha ilikuwa mkononi mwa Wariara, katibu wa kigango kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko dhamiri yake.

Kwa nini amuue mzee wa watu? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, na si mahali pazuri pa kurudi.

Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, majirani walipokuwa wakichomeana nyumba, Kosgei alifungua sakristia akachukua tabernakulo, kalisi, divai ya Misa na vitabu vyote vya ubatizo, akaondoka navyo. Watu wa kina Kamande, waliokuwa wamekimbia, waliporudi walikuta kabati tupu. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Walisema ameiba, na wakaongeza mengine kuhusu watu wa upande wake ambayo hayafai kurudiwa. Ikaandikwa barua kwenda parokiani, imetaja jina la Kosgei na neno mwizi. Kamande alikataa kutia sahihi. Aliyeiandika, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa Wariara.

Wiki mbili hazikuisha, vijana wakavunja kanisa na kubeba kila kilichobaki, hata kengele. Na miezi minne baadaye lori la viazi likasimama nje, dereva akashusha sanduku la mbao. Kila kitu kilikuwemo. Kalisi ilikuwa imefungwa kwa shati la Kosgei mwenyewe. Chupa ya divai ilikuwa haijafunguliwa.

Kamande alilia mbele ya watu siku hiyo. Kisha akamwambia bintiye, "Andika barua ingine. Mwambie tulikosa. Mwambie arudi nyumbani." Mwenyewe alikuwa ameshapigwa na ugonjwa wa kupooza, mkono wa kulia haukuweza kushika kalamu. Wariara akasema ataandika kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Kila akiketi na karatasi alikuwa anaona haya kuandika neno "tulikosa," kwa kuwa aliyekosa kwa kalamu alikuwa yeye, na barua ile ya kwanza ilikuwa bado imelala kwenye faili la parokia na jina lake chini.

"Umeandika?" babake akamuuliza Jumapili moja.

"Nimeandika, Baba."

"Amejibu?"

"Bado."

Kamande aliuliza swali hilo kila Jumapili baada ya Misa, kwa miaka kumi na moja. Wengine walimwambia atafute namba ya simu ya rafiki yake. Alikataa. Alisema mtu ukishamwomba msamaha humfuatifuati, unamwachia nafasi. Akafa akiwa bado anamwachia Kosgei nafasi, na Wariara akamzika na siri yake. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini hii haikuwa aibu ya maiti.

Kwa hiyo Padre Kibii alipomwambia mwezi wa tano, "Nasikia mwanzilishi mmoja yuko hai, anaishi upande wa Sachangwan, nenda umwalike," Wariara alienda kweli. Alishuka barabarani, akaelekezwa, akafika mpaka kwenye geti la mbao. Mzee alikuwa shambani ameinama, akipalilia viazi, koti kubwa limemfika magotini. Wariara alijua ataulizwa kwanza habari za Kamande. Alijua na swali litakalofuata. Alisimama pale mpaka mbwa akachoka kumbwekea, kisha akageuka akarudi barabarani, na siku iliyofuata mzee akawa marehemu.

Hiyo ndiyo habari yote. Sasa turudi kwenye maua.

Jumapili ya sikukuu kulikuwa na baridi ya Juni, ile ambayo mtu huingia nayo kanisani ndani ya sweta. Watu walijaa mpaka nje, na maua ya Wariara yalikuwa yamezunguka mishumaa ya marehemu. Padre Kibii alivaa nyekundu ya mitume. Wariara alipanda kwenye mimbari na orodha yake, leso ya chama cha wanawake mabegani, akasoma wazima kwanza. Walikuwa watatu. Kila mmoja alisaidiwa kufika mbele, akavishwa blanketi, vigelegele vikapigwa, na Jamleck, mwenyekiti wa kigango, ambaye hajawahi kuona kipaza sauti akakiacha, akatania kila mmoja kwa zamu.

Kisha Wariara akageuka kwa wafu. "Marehemu Mwalimu Kamande," akasoma, akamwashia babake mshumaa. Sauti ilimtetemeka kidogo na watu wakamhurumia.

"Marehemu Mwalimu Gedion Kosgei."

Kwa kuwa Kosgei hakuwa na mtu wa nyumba yake pale, Padre alikuwa amemwomba Wariara amwashie yeye. Akachukua kiberiti. Akainua macho kuangalia watu wakisimama, na hapo ndipo alipoliona lile koti kubwa, benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mzee alikuwa ameketi kando ya mwanamke mwenye sweta la maruni. Kofia ilikuwa magotini. Alikuwa amezeeka lakini hakuna wa kumkosea. Njiti ya kiberiti ilikuwa tayari inawaka, na mkono wa Wariara, kwa kuwa ulikuwa umeshatumwa, ukaendelea ukamwashia mshumaa mtu ambaye macho yake yanamtazama.

Kanisa lilisimama. Mzee aliona watu wamesimama, naye akashika benchi la mbele yake akajiinua kwa shida. Hakuwa amesikia jina. Masikio yake yalikuwa yamebaki somili tangu zamani. Aliinamisha kichwa kama wengine na midomo yake ikasema kama ya wengine, "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie." Kosgei alijiombea mwenyewe pumziko la milele, kwa moyo wake wote, na Wariara akamwona anafanya hivyo. Alitamani sakafu ipasuke. Sakafu ya Somili ni saruji nzito, aliichangishia harambee mwenyewe.

Aliyebaki ameketi ni yule mwanamke wa sweta la maruni. Watu walipoketi, yeye ndiye akasimama.

"Padre, samahani," akasema. Hakupaza sauti sana, lakini kanisa lilimsikia. "Mimi naitwa Jemutai. Huyo mzee mmemwombea ni baba yangu. Si amekaa hapa na mimi."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akageuka, na bibi mmoja mzee wa jumuiya ya chini akapiga kelele, "Ni yeye! Ngai, ni Mwalimu!" Na kanisa likalipuka. Watu walicheka, walipiga makofi, wengine walilia. Jamleck akanyakua kipaza sauti.

"Lazaro!" akapaza sauti. "Somili tumepata Lazaro wetu! Mzee, ukitoka kaburini ungetuflashia tu simu!"

Wakamleta mbele. Blanketi zilikuwa zimenunuliwa tatu, na zote zilikuwa mabegani pa wenyewe, kwa hiyo mama mmoja akavua leso yake akamfunga mzee. Kosgei akasimama mbele ya altare katika leso ya kike, akicheka kwa ufizi, akiuliza bintiye kwa sauti kubwa, "Wanasema nini?" Hakuna aliyetaka kumjibu.

Padre Kibii alikuwa anatabasamu, lakini padre ni padre. Akamgeukia katibu wake. "Wariara, si uliniambia mzee alizikwa?"

Ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kusema ukweli: mchana, mbele ya altare, siku ya Petro mwenyewe, aliyewahi kumkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Wariara akafungua mdomo. Jamleck, kwa wema wake usio na breki, akamwahi.

"Padre, Kosgei huku ni wengi kama viazi. Atakuwa alichanganya na mwingine. Ama?"

Watu wakacheka tena. Wote walikuwa wanamtazama kwa upendo. Mlango ulikuwa wazi, alichohitaji ni kupita.

"Ndiyo, Padre," Wariara akasema. "Nilichanganya."

Jemutai alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Hakucheka, na hakuondoa macho.

Baada ya Misa kulikuwa na mahema na chakula. Wariara alikimbilia jikoni, nyuma ya kanisa, akajifanya mtu wa sufuria. Alikoroga mukimo wa viazi na njegere uliokuwa umeshaiva. Alihesabu sahani zilizokuwa zimeshahesabiwa. Wenzake walimwambia aende akakae na wageni, akasema moshi haumsumbui. Alikuwa anajisikia mchafu ndani ya nguo safi, na kila kicheko kilichotoka kwenye hema alidhani kinamhusu.

Jemutai alimpata hapo hapo.

"Sasa," akamsalimia, kavu.

"Karibu, dada. Mmekula?"

"Mimi nilikuona kwa geti," Jemutai akasema. "Mwezi wa tano. Nilikuwa kwa dirisha. Nikaona mtu amevaa leso ya kanisa, nikajua ni mgeni wa baba. Nikaweka chai. Nikatoa mkate. Nikikuja kufungua, uko mbali kwa barabara, unaenda mbio."

Wariara akashika mwiko kwa mikono miwili.

"Chai ilipoa, tukaimwagia mbwa. Halafu juzi kwa matangazo ya kanisa letu wakasema Somili wana sikukuu ya waanzilishi, nikaona acha nimlete, labda mlisahau tu. Kumbe mlikuwa mmemzika." Akavuta pumzi. "Yeye hajui kitu. Hakusikia. Anafikiri mlikuwa mnamwombea mzee wako. Sitaki kelele, mathe. Lakini nataka kujua kitu moja. Utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

"Nitamwambia," Wariara akasema.

"Leo."

"Leo."

Hapo kwa kweli alikuwa na mpango. Angemwita mzee kando, mahali penye utulivu, labda nyuma ya tangi la maji, angemnong'oneza maneno mawili matatu, angelia kidogo, wangemaliza. Akachukua jagi la maji ya moto, beseni na taulo, kwa kuwa mtu mwenye jagi anaweza kumkaribia mgeni yeyote bila kuulizwa, akaingia kwenye hema kubwa.

Kosgei alikuwa ameketishwa meza ya mbele, kati ya Padre na Jamleck, bado na leso yake. Wariara akapiga goti moja, akamimina maji. Mikono ya mzee ilikuwa migumu, kidole kimoja kimekatika pale kwenye kiungo. Aliosha taratibu, kisha akamtazama usoni.

"Wewe ni wa nani?"

"Ni Wariara, Mwalimu. Wa Kamande."

Mzee akamshika mkono na mikono yake iliyolowa, jagi nusura lidondoke. "Msichana wa Kamande!" akasema. "Nilikubeba wewe siku ya ubatizo! Ulilia mpaka ukatapika!" Akacheka, kisha uso ukabadilika, akawa mzee kweli. Akaongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea wasiosikia, wakidhani wananong'ona.

"Niambie kitu, mtoto wangu. Baba yako alikufa na hasira na mimi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mimi nilirudisha vitu za kanisa zote. Nikasema, sasa Kamande ataniandikia hata neno moja. Hata *asante*. Nikangoja. Mwaka, mwaka, mwaka. Nikajua basi, na yeye ameamini mimi ni mwizi. Watu wengine sikujali. Lakini Kamande." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana sikukuja kumzika. Niliogopa watu wake watanifukuza kwa kaburi."

Wariara alikuwa amefikiri deni lake ni uongo wa mwezi wa tano. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba upande wa pili pia kulikuwa na mtu anayengoja, Jumapili zile zile.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "Baba aliniambia niandike. Sikuandika."

"Eh?"

"Sikuandika barua."

Mzee akainama, akageuza kichwa. "Sema na nguvu, huku. Sikio hili lilikufa na msumeno."

Wariara akatazama huku na huku. Hema lilikuwa na watu mia mbili. Jamleck alikuwa ameacha kutafuna. Aliwaza tangi la maji. Aliwaza na jikoni, alikomwacha Jemutai, akageuka kidogo, akamwona amesimama pale pa kuingilia, mikono kifuani.

"Baba aliniambia nikuandikie!" akasema kwa nguvu. "Kwamba tulikosa! Kwamba urudi!"

Watu wa meza za karibu wakageuka.

"Kamande alisema hivyo?"

"Alisema! Na mimi sikuandika! Nilimdanganya nimeandika! Ile barua ya kwanza, ya kusema wewe ni mwizi, ni mimi niliiandika!"

Sasa hema zima lilikuwa linasikiliza, hata watoto. Padre alikuwa ameshika chapati hewani. Wariara alikuwa bado amepiga goti, machozi yanaingia kwenye beseni, na hakuweza kuacha katikati, maana mzee alikuwa anaitikia kila sentensi kwa kichwa na kungoja inayofuata.

"Mwezi wa tano nilitumwa nikualike! Nilifika kwa geti nikaogopa! Nikamwambia Padre umekufa! Sikuchanganya na mtu! Nilidanganya!"

Wanawake wa chama chake walikuwa wanamtazama kama wanavyomtazama mtu wasiyemjua. Mmoja akajifunika mdomo na leso. Wariara aliwaona wote, uso kwa uso, watu aliowasomea matangazo kwa miaka ishirini, na akajua hatasimama tena kwenye ile mimbari. Aliinamisha kichwa akangoja. Alitaka mzee amtukane. Alitaka maji ya beseni yamwagwe kichwani. Chochote ambacho kingefanana na alichokifanya.

Ya geti na ya kifo yalikuwa kama yamempita Kosgei kando. Alipofungua mdomo, aliuliza la nyuma kabisa.

"Kwa hivyo Kamande alifikiri umeniandikia. Alikuwa anauliza kama nimejibu?"

"Kila Jumapili."

"Eh?"

"Kila Jumapili! Baada ya Misa! Alikuwa anauliza, amejibu?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka akakufa!"

Na uso wa mzee ukafunguka. Hakukuwa na hasira hata chembe ndani yake. Ilikuwa ni furaha, tupu, ya mtu aliyeletewa habari njema akiwa amechelewa sana, na kwa Wariara ilikuwa nzito kuliko kofi. Kosgei akamgeukia Padre, akamgeukia Jamleck, akawaonyesha kwa kidole kile kilichokatika, machozi yanamtiririka mpaka kwenye leso.

"Mnasikia? Alikuwa ananingoja! Kamande alikuwa ananingoja!"

Akavuta kiti cha Jamleck, ambaye alikuwa ameshasimama bila kujua, akampigapigia Wariara pale aketi.

"Kaa hapa, msichana wa Kamande," akasema. "Rudia tena, kutoka mwanzo. Alikuwa anauliza namna gani?"